Mzazi aone leja kabla ya kuombwa debe

Kiabakari, kama senta nyingine zilizo kando ya barabara ya Mwanza kwenda Musoma, mahindi hupimwa kwa debe, na kila mnunuzi anajua kwamba madebe hayafanani. Lipo la kusawazishwa kwa mkono, lipo la kujazwa mpaka punje zimwagike chini, na lipo lile lililobonyezwa kitako ambalo muuzaji hupenda zaidi. Sokoni ugomvi wa debe unaisha palepale, kwa sababu mnunuzi na muuzaji wanatazamana na chombo kiko katikati yao. Shule inapomwomba mzazi debe la mahindi kwa ajili ya chakula cha mchana, mambo ni mengine. Debe linapelekwa, linamiminwa kwenye gunia lililoko stoo, na kuanzia hapo mzazi hajui limekula watoto wangapi, kwa siku ngapi, wala nani alikuwa na ufunguo. Ushiriki wa wazazi shuleni, neno tunalolisikia kwenye kila semina ya elimu mkoani Mara, ungepimwa vizuri zaidi hapo stoo kuliko kwenye orodha ya mahudhurio ya kikao. Sheria na nyaraka zetu zimeandika kwa kina mzazi anatakiwa alete nini. Anachostahili kuonyeshwa zimekigusa juu juu, na ndiyo maana kuchangia kunachosha kuliko kunavyostahili.

Tuanze na hesabu, maana watu wengi hugombana juu ya chakula cha shule bila kuipiga. Mwaka wa masomo nchini una siku 194. Tuseme mtoto wa shule ya kutwa anapewa gramu 150 za mahindi kwa siku kwenye makande yake, kipimo ambacho hakimshibishi mtu kupita kiasi. Kwa mwaka mtoto huyo mmoja anakula kilo 29, yaani debe moja na zaidi ya nusu. Shule yenye wanafunzi 700 itahitaji tani 20, takriban magunia 200 ya kilo mia mia, na hapo hujagusa maharage, chumvi, mafuta, kuni, maji na malipo ya mpishi. Upande wa pili wa daftari, ruzuku ya uendeshaji iliyozoeleka tangu elimu bila ada ianze ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi kwa mwaka, na kati ya hizo 6,000 ndizo zinazofika shuleni moja kwa moja, nyingine zikienda kwenye vitabu. Gawa 6,000 kwa siku 194 unapata shilingi 31 kwa siku. Chaki, karatasi za mitihani, ukarabati na michezo vyote vimo humo. Anayesema serikali inatoa hela ya chakula na walimu wanaila, akae na namba hizi kwanza. Chakula cha shule ya kutwa hakimo kwenye ruzuku na hakijawahi kuwamo. Kinatoka kwa mzazi, au kwa mfadhili, au hakipo.

Wilaya za Musoma, Bunda na Butiama zinalijua jambo hili kuliko wilaya nyingi. Kwa miaka zaidi ya 10 shule za msingi za eneo hili zimekuwa kwenye mradi wa chakula uliofadhiliwa na Idara ya Kilimo ya Marekani, ukiendeshwa kwanza na shirika la PCI na baadaye, shirika hilo lilipoungana na Global Communities, kwa jina la Pamoja Tuwalishe. Miradi ya namna hii huja na nia ya kuondoka: mfadhili analeta chakula, kamati za shule zinafundishwa kutunza stoo na kuandika vitabu, wazazi wanaanza kwa kujenga jiko na kuleta kuni, kisha pole pole mzigo wa nafaka unahamia kwao. Palepale kwenye kuhama ndipo ugumu unapoanza. Mfadhili alipokuwa anatoa, alidai hesabu ya kila kilo na akapewa, kwa fomu, tarehe na sahihi. Sasa anayetoa ni mama wa mhogo na baba wa pamba, na fomu hazielekezwi kwake. Aliyetoa unga wa kutoka ng'ambo ya bahari alikuwa na haki ya kujua kuliko aliyetoa mahindi ya shamba lililoko nyuma ya shule.

Sikusudii kusema mwalimu mkuu ni mwizi. Walio wengi wanafanya kazi hii bila posho, usiku, baada ya kusahihisha madaftari. Kasoro imo kwenye namna sheria ilivyomchora mzazi, na mchoro huo ni wa zamani. Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Musoma na kutoa azimio lililopewa jina la mji huo: kila mtoto wa umri wa kwenda shule awe darasani ifikapo mwaka 1977. Lilikuwa jambo kubwa, na wanavijiji walilibeba kwa matofali na mabega yao. Mwaka mmoja baada ya lengo hilo likaja Sheria ya Elimu Na. 25 ya 1978, ambayo pamoja na marekebisho yake ndiyo inayotutawala hadi leo. Kifungu cha 35 kinamtaka mzazi aandikishe mtoto na ahakikishe anahudhuria mpaka amalize, na anayekaidi anaweza kushtakiwa. Marekebisho ya 2016 yakaongeza kifungu cha 60A: kifungo cha miaka 30 kwa anayempa mimba au kumwoa mwanafunzi, na adhabu kali kwa anayesaidia ndoa hiyo, hata kama ni mzazi. Yote hayo yalihitajika, na mkoani Mara pengine kuliko kwingine. Lakini ukizisoma kurasa hizo mfululizo unamwona mzazi mmoja tu: yule anayeletewa wito. Kamati ya shule imetajwa, bodi imetajwa, mengi ya maelezo yake yakiachiwa kanuni za waziri. Mzazi wa kawaida, asiye mjumbe wa chochote, hana mlango wake.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Kabla ya uhuru wazazi Waafrika waliungana katika chama chao cha wazazi, TAPA, na kufungua shule za watoto ambao serikali ya kikoloni haikuwa na nafasi kwa ajili yao. Mzazi alikuwa mwenye shule. Leo ukitamka "wazazi" na "shule" katika sentensi moja, wengi watadhani unazungumzia shule za Jumuiya ya Wazazi ya CCM, mrithi wa TAPA. Neno limebaki na cheo, maana yake imehamia kwenye chama.

Baada ya hapo zikaja nyaraka, nazo zimemwacha mzazi njia panda. Waraka wa Elimu Na. 5 wa 2015 ulifuta ada na michango kuanzia Januari 2016. Miezi michache baadaye Waraka Na. 3 wa 2016 ukafafanua nani anabeba nini, na kwenye fungu la mzazi ukaweka sare, madaftari, matibabu na chakula cha mwanafunzi wa kutwa. Januari 2018 Rais Magufuli alipiga marufuku michango yote kwenye shule za umma na kuelekeza kwamba anayetaka kuchangia kwa hiari yake apeleke kwa mkurugenzi wa halmashauri, asimpe mwalimu. Mwaka 2021 ukatoka mwongozo wa kitaifa wa chakula na lishe kwa wanafunzi wa elimumsingi, ukiwahimiza wazazi na jamii kuhakikisha kila mtoto anakula shuleni. Ziweke karatasi hizi nne mezani. Mchango ni hiari, chakula ni wajibu, na chakula hakipatikani bila mchango. Mwalimu mkuu anayetekeleza karatasi ya nne anaweza kuripotiwa kwa kuvunja ya tatu. Anachofanya, kwa hiyo, ni kile ambacho mtu yeyote mwenye busara angefanya akiwa kwenye kona hiyo: analipitisha jambo kwenye kikao, anaandika kwenye muhtasari kwamba wazazi wameridhia wenyewe, na hiari inageuka lazima mtoto anapofika getini mikono mitupu. Serikali imekataza mara nyingi mtoto kurudishwa nyumbani kwa sababu ya mchango. Lakini mtoto harudishwi nyumbani siku hizi. Anaketi chini ya mti wakati wenzake wanapanga foleni na sahani. Kwa mtoto wa miaka minane sijui ipi inauma zaidi.

Hoja yangu ni kwamba tumeanzia upande usio wake. Tumetafuta namna ya kumfanya mzazi atoe, tukaruka kilichotakiwa kutangulia: sheria itamke kwamba kila mzazi ana haki ya kuonyeshwa hesabu za shule ya mwanawe, kwa maandishi, kwa Kiswahili, ubaoni, kila muhula, na kwamba mchango wowote ambao hesabu yake haijabandikwa hauombwi tena mpaka ibandikwe. Haki hiyo isipitie kwa mjumbe wala isihitaji barua ya maombi. Magunia mangapi yaliingia, mangapi yamepikwa, kwa siku ngapi, mangapi yamebaki, nani ameshika ufunguo. Karatasi moja inatosha. Anayejua kusoma atawasomea wengine, kama anavyowasomea matokeo ya mtihani.

Majirani wetu wametupa ushahidi ambao haukuhitaji mtaalamu kuuelewa. Uganda, kati ya 1991 na 1995, watafiti walifuatilia ruzuku za shule za msingi kutoka hazina mpaka darasani na kukuta kwamba asilimia 13 tu, kwa wastani, ndizo zilizofika. Serikali ikaanza kuchapisha magazetini kiasi kilichopelekwa kila wilaya, na shule zikatakiwa kubandika zilichopokea. Ilipofika 2001 zaidi ya asilimia 80 zilikuwa zinafika. Wachumi wamebishana sana juu ya kiasi gani cha mabadiliko hayo kilitokana na magazeti peke yake, maana hata usimamizi wa wizara ulibadilika katika kipindi hicho. Ubishi huo una haki yake. Hata hivyo hakuna aliyesema kwamba kubandika kulipunguza fedha, na gharama yake ilikuwa karatasi na gundi.

Ushahidi wa pili unatoka mbali zaidi lakini unatuhusu moja kwa moja. Kisiwani Java, Indonesia, mamia ya shule za msingi ziligawanywa kwenye majaribio: baadhi ya kamati za shule zilipewa fedha, nyingine mafunzo, nyingine zikachaguliwa upya kwa kura, na nyingine zikaunganishwa na halmashauri ya kijiji ili zipange na kuamua mambo pamoja. Fedha na mafunzo peke yake havikuonyesha matokeo ya maana kwenye ufaulu. Kilichosogeza alama za watoto ni kuunganishwa na kijiji, hasa pale palipokuwa na uchaguzi pia. Kwa muda mrefu jibu letu kwa kamati dhaifu limekuwa semina, posho na kitini. Mkoa wa Mara umepitiwa na mradi wa elimu wa EQUIP-T ulioanzisha ushirikiano wa wazazi na walimu, kisha mradi wa Shule Bora, na sasa UWAWA, umoja wa walimu na wazazi, unasikika mpaka shule za pembezoni. Ni kazi njema. Mzazi anayeingia darasani kwa mwanawe na kuongea na mwalimu habari za kusoma na kuhesabu amepiga hatua ambayo baba yake hakuipiga. Ila umoja huo umesimama kwenye miongozo na fedha za miradi. Kijiji kimesimama kwenye sheria.

Na sheria hiyo tunayo tayari. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) Na. 7 ya 1982 inaufanya mkutano mkuu wa kijiji, ambao kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 na kuendelea ni mjumbe wake, kuwa chombo chenye kauli kubwa kijijini, na unatakiwa kukutana kila baada ya miezi mitatu. Halmashauri ya kijiji inaweza kutunga sheria ndogo, zikijadiliwa na mkutano huo na kuidhinishwa na halmashauri ya wilaya. Hapo ndipo mchango wa chakula unapopaswa kuamuliwa. Kikao cha wazazi kinachoitishwa na mwalimu mkuu kina upungufu wa asili: anayeitisha ndiye anayeomba, ndiye katibu wa kamati, na ndiye atakayekutana na mtoto wako kesho asubuhi. Nani atanyoosha mkono kuuliza yako wapi magunia 12 ya Machi? Kwenye mkutano wa kijiji mwalimu mkuu ni mkazi kati ya wakazi, anasimama na kusoma hesabu kama mwenyekiti wa mradi wa maji anavyosoma zake, na swali la kwanza huwa linatoka kwa mzee ambaye wajukuu zake walimaliza shule zamani na hana cha kuogopa.

Najua jibu litakalorudi. Wazazi wenyewe hawaji. Ukiitisha kikao Jumamosi wanakuja robo, nusu ya hao ni wanawake waliotumwa kusikiliza, na wanaume watasikia habari jioni kwenye kahawa au kwenye pombe. Ni kweli, na sina sababu ya kupamba. Lakini mtu huenda pale ambapo kuwepo kwake kunabadilisha kitu. Kikao ambacho ajenda yake ya kwanza ni taaluma, ya pili nidhamu, na ya tatu, ambayo kila mtu anaijua kabla hajaketi, ni mchango, ni kikao cha kutangaziwa. Mwanakijiji yuleyule anayekwepa kikao cha shule utamkuta kwenye mkutano wa mgogoro wa malisho saa nne kamili, bila barua. Tukiuita uvivu tutakuwa tumejinyima kufikiri.

Jibu la pili ni zito zaidi. Linasema kwamba ukiufanya mchango uwe wa sheria ndogo, hata wenye hesabu safi watamminya maskini. Yule mama anayelima kibarua, na yule kijana mchimbaji mdogo ambaye wiki hii yuko Buhemba na wiki ijayo hajulikani, watatozwa faini kwa kukosa mahindi ambayo hata nyumbani hayapo. Hofu hii nakubaliana nayo kwa asilimia zote, na ndiyo inayonifanya nipinge faini kwa mchango wa chakula. Sheria ndogo iweke kiwango, iweke msamaha, na iweke marufuku moja isiyo na mwanya: mtoto halipi deni la mzazi wake kwa njaa. Kuhusu nani asamehewe, kijiji kina uzoefu. Mpango wa TASAF wa kunusuru kaya maskini umekuwa ukipeleka majina ya kaya mbele ya mkutano wa kijiji yathibitishwe, na ingawa malalamiko hayakosi, watu wanajuana nani ana nini. Mwalimu aliyehamia mwaka jana kutoka Rukwa hawezi kujua. Jirani anajua mpaka idadi ya mbuzi.

Walimu nao wana lao: ukimpa mzazi mamlaka ataingilia ufundishaji, ataamua nani aadhibiwe na nani ahamishwe, na wenye sauti ya pesa watakamata kamati. Mpaka unaweza kuchorwa vizuri. Sheria ya Elimu ya Msingi ya Kenya ya mwaka 2013 imeweka chama cha wazazi ambacho kila mzazi wa shule ni mwanachama wake kwa kuwa na mtoto pale, ikaweka wawakilishi wa wazazi ndani ya bodi, na ikasema kwamba mtoto hanyimwi masomo kwa kukosa malipo yaliyoidhinishwa; kufundisha na ajira ya mwalimu vikabaki kwa wenye taaluma na tume yao. Wakenya bado wanalalamikia tozo za kila namna, kwa hiyo sisemi wamefika. Lakini mzazi wa kule anapolalamika, anacho kifungu cha kushika mkononi. Wa kwetu anacho waraka, na waraka mpya ukitoka kesho wake umeisha. Tena nadhani mwalimu mkuu ndiye angefaidika wa kwanza. Leo amegeuzwa karani wa madeni, anayehesabu madebe badala ya kukagua maandalio ya somo. Mchango ukiwa wa kijiji, ukikusanywa na mtendaji na kutunzwa kwa leja inayosomwa mbele ya watu, yeye anabaki kupokea chakula na kusaini kilichopikwa.

Wapo pia watakaosema mjadala huu wote ungekufa kama serikali ingelipia chakula. Ungekufa, naam. Naunga mkono serikali ilipie hata sehemu, ianze na darasa la awali mpaka la tatu kwenye wilaya zinazokauka mapema. Lakini hata siku hazina itakapotoa mahindi, mahindi hayo yatashushwa kwenye stoo ileile, yenye kufuli lilelile, na wazazi walewale wakiwa nje ya mlango.

Muda wa kulitengeneza hili unajulikana. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la 2023, imefanya elimu ya lazima kuwa ya miaka 10: sita ya msingi na minne ya sekondari ya chini. Mwaka 2027 watoto wa darasa la sita na wa darasa la saba watamaliza pamoja, na Januari 2028 makundi hayo mawili yataingia kidato cha kwanza kwa mkupuo, wengi wao kwenye sekondari za kata ambazo mtoto hutembea kwenda na kurudi na kukaa darasani mpaka alasiri. Mzazi wa Butiama mwenye watoto wawili wanaofuatana ataombwa madebe mawili kwa mpigo, kwa shule moja, mwezi uleule wa sare na madaftari, wakati ghala la nyumbani linasubiri mavuno yajayo. Ili miaka hiyo 10 iwe ya lazima kisheria, Sheria ya 1978 itabidi irudi bungeni, na kifungu cha 35 kitapanuliwa ili mzazi awajibike kwa miaka mingi zaidi ya sasa. Wabunge wa Mara watakapoletewa rasimu hiyo, waitafute aya inayosema ni siku ngapi baada ya muhula kufungwa mkuu wa shule atabandika hesabu za stoo, na zitasomwa mbele ya nani. Kama aya hiyo haimo, waiandike kwa mkono pembeni ya ukurasa na wasimame kuitetea kabla kifungu cha adhabu hakijapigiwa kura.